Mashine Iliyounguza Mashuka

Bamayo Eneless Chabu alikuja sokoni mwenyewe, na mvua ile, amekumbatia mfuko wa nailoni kifuani kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Alipofika kwenye kibanda cha François hakusalimia. Alitoa shuka jeupe mfukoni, akalitandaza mezani juu ya pasi na redio zilizofunguliwa matumbo, akaweka kidole katikati. Palikuwa na doa la kahawia, pana kama sinia, na harufu yake ilikuwa ya mkate uliosahauliwa kwenye oveni.

"Mashine yangu inapika nguo," alisema.

François alilikwaruza lile doa kwa ukucha. Kitambaa kikatoboka kama jani kavu.

"Mashine gani, Bamayo?" aliuliza, akimwita mama kwa Kibemba kama mji wote ulivyomwita.

"Ya kukausha. Ile ya kuzungusha nguo na moto. Mutoto wangu aliituma toka Uingereza." Alifunga mwavuli, akajisogeza ndani zaidi kwa sababu bati la kibanda lilikuwa linamwagia maji mgongoni. "Batu banasema hapa Nchelenge hakuna mutu anaijua. Weye unaijua?"

François aligeuza lile shuka upande wa pili. Watu wa Nchelenge walimletea pasi, redio, tochi, mara moja moja injini ndogo ya boti. Walimwita fundi wa Kongo, walichukua vitu vyao na kwenda zao. Hakuna aliyewahi kutaka kujua kwamba ujana wake wote aliutumia kule Likasi, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, kati ya mashine zilizonguruma tangu alfajiri hata ilibidi wafanyakazi wazungumze kwa mikono. Mashine ya kukausha alikuwa hajaigusa tangu alipoondoka huko. Alishangaa jinsi vidole vyake vilivyoamka.

"Ninaijua," alisema. "Twende."

Nyumba ya wageni ya Bamayo Eneless ilikuwa kwenye barabara iendayo Kabuta, juu kidogo ya ufuko, yenye vyumba vichache na ukuta uliopakwa rangi ya samawati ambayo mvua ilikuwa ikiila kutoka chini. Mumewe, marehemu Lackson, ndiye aliyeijenga kwa faida ya samaki, enzi zile alipokuwa na boti ya injini na wawili wao wakivuka ziwa kwenda Kilwa, ile ya Kongo, kuuza na kununua. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili chake, cha kubishania bei. Baada ya mume kufa aliuza boti, akabaki na nyumba. Na mwaka ule wa tisini na tisa nyumba haikukosa wageni. Vita vya Kongo vilikuwa vimewasukuma watu wa ng'ambo kuvuka ziwa Mweru na magodoro yao vichwani, na nyuma yao wakaja wafanyakazi wa mashirika ya misaada, wenye magari meupe na viatu vya matope, kila mmoja akitaka shuka safi. Shuka lililofuliwa lilining'inia kwenye kamba siku nzima na jioni likaanuliwa bichi vilevile. Ndiyo maana mashine ile haikupumzika.

Ilikuwa imewekwa katika chumba kidogo nyuma ya jikoni, nyeupe, yenye mlango wa kioo wa mviringo. Upande wa pili wa ukuta ndipo Bamayo Eneless alipolala.

François aliomba aiwashe kwanza aione ikifanya kazi. Pipa lilizunguka vizuri, mkanda haukupiga kelele. Akaweka kiganja juu ya bati, akasubiri. Baada ya muda mfupi tu akautoa mkono haraka. Akatoka nje, mvua ikimnyeshea, akazunguka mpaka pale bomba la kutolea hewa lilipojitokeza ukutani, akaweka kiganja mbele yake. Hewa iliyotoka ilikuwa pumzi ya mgonjwa. Akarudi ndani akiwa amelowa chapachapa.

"Ndani kuna moto mwingi," alimweleza Bamayo Eneless, "na inje haitoki kitu. Sasa moto unaenda wapi? Unabakia na mashuka."

"Kumbe imezibwa?"

"Tutaona."

Alichomoa waya ukutani, akaiweka ncha yake mezani mahali alipoweza kuiona, tabia ya zamani ambayo hakuwahi kuiacha. Akavuta chujio. Lilikuwa limevaa nyuzinyuzi nene za kijivu kama blanketi, lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Shida kubwa ilikuwa kwenye bomba. Alipolichomoa ukutani akaingiza mkono mpaka kiwiko na kuanza kuvuta: vumbi la nguo lililoshikamana na unyevu, likatoka bonge baada ya bonge, na mwishoni kabisa udongo mgumu, nyumba ya nyigu waliojenga humo na kuhama.

Bamayo Eneless alicheka. Alikuwa na kicheko cha ghafla, kama mtu aliyesahau kuwa anacho. "Nyigu! Bananipangia chumba na habalipi!"

François naye akacheka, na sauti yake ikamshtua kidogo.

Fundi mwingine angeishia hapo. Lakini doa lile la kahawia halikumwachia amani. Bomba kuziba peke yake kungeifanya mashine ijizime, si kupika nguo. Akaigeuza, akafungua bati la nyuma. Akawasha tochi. Ndani kulikuwa na vidude viwili vya kulinda joto, kila kimoja na kazi yake. Cha kwanza kilitakiwa kukata umeme joto likitosha na kuurudisha likishuka, siku nzima, kata rudisha, kata rudisha. Cha pili kilikuwa mlinzi wa hatari: kama cha kwanza kikishindwa, kinakata kabisa mpaka mtu abonyeze kitufe chake chekundu. Na juu ya huyu mlinzi mtu alikuwa amefunga kipande cha waya wa shaba, umeme upite pembeni bila kumgusa.

"Nani alifungua mashine hii?"

"Kuna kijana wa Mansa alipita. Mashine ilikuwa inazimika-zimika. Akaifungua, ikaacha kuzimika."

"Njo vile." François alimwonyesha ule waya. "Haikuwa mubaya, Bamayo. Ilikuwa inazimika kwa sababu bomba imezibwa, inakuambia: nakufa na joto. Ule kijana aliifunga kinywa. Kiisha hii ingine," akagusa kidude cha kwanza, "ikachoka kukata, meno yake ikaungana na moto. Sasa hakuna wa kukata. Inawaka tu."

Alihakikisha kwa maji. Aliomba sufuria, akakichemsha kile kidude cha kwanza huku testa ikiwa imeshikwa kwenye miguu yake. Maji yakatokota, sindano ya testa haikusogea. Kilikuwa kimekufa kikiwa kimefumbata. Mlinzi wa hatari alipopimwa vilevile, alikata kwa sauti ndogo safi. Yeye alikuwa mzima muda wote, ila alifungwa tu.

Kidude kama kile kisingepatikana Nchelenge, wala Mansa. Lakini kibandani kwake kulikuwa na mabaki ya jiko la umeme, na jiko lile lilikuwa na termosta yake nzima, ile yenye waya mrefu wa shaba na kichwa mwishoni kinachoonja joto. Kesho yake alirudi nayo. Alikitumbukiza kichwa kile katika maji ya moto yasiyochemka, akazungusha kirungu polepole mpaka akasikia kikikata, akarudisha nyuma kidogo, akapiga alama kwa msumari. Kisha akakifunga mahali hewa inapotokea, akaunga nyaya, akautoa ule waya wa kijana wa Mansa na kuutupa nje ya dirisha. Alipoiwasha, alitumbukiza mashuka mawili ya majaribio, na wote wawili wakasimama mbele ya kile kioo cha mviringo wakitazama nguo zikizunguka, kama watu wanaotazama mtoto akijifunza kutembea.

Mashuka yalitoka makavu, ya uvuguvugu, meupe. Bamayo Eneless alilichukua moja, akaliweka shavuni.

"Kaa ule," alisema.

Alimtengea jikoni, si kwenye meza ya wageni wala nje kwenye ngazi kama mafundi wanavyotengewa. Bukari la moto, yaani ugali, ambalo yeye aliliita ubwali, na chisense, dagaa wa ziwani, waliokaangwa na nyanya. Alikaa upande wa pili wa meza, naye akala. François alinawa, akamega tonge, akagundua hajui aangalie wapi. Miaka hiyo yote alikuwa akila amesimama au amekaa juu ya kitanda.

"Mutoto yako wa Uingereza," alisema, ili aseme kitu, "anakuja lini?"

"Memory?" Bamayo Eneless aliondoa mfupa mdogo mdomoni. "Anauguza wazee ya bazungu, anasema. Hana nafasi. Niliomba mutoto aje, wakaniletea kontena Ndola, na ndani mashine." Akasukuma bakuli la mboga karibu naye. "Ongeza, mukwai," alisema, kwa neno la heshima la Kibemba.

Jioni ile François alirudi chumbani kwake nyuma ya soko. Mvua ilikuwa imekatika, na kutoka kwa majirani zikaja sauti za Kibemba, kicheko, mama akimwita mtoto. Maneno mengi aliyaelewa, ila yote yalikuwa yakielekea kwa wengine. Alikaa juu ya kitanda na kunusa mikono yake. Ilinuka nguo safi.

Hazikupita hata wiki mbili akamwona tena, na mwavuli uleule. Mashine imekataa, alisema. Inapiga joto, kisha inazima.

François alibeba begi lake la zana. Kitufe chekundu kilikuwa kimeruka, kama kilivyotakiwa. Alikibonyeza kikarudi. Akavuta chujio. Lilikuwa limejaa nyuzinyuzi, na alipozitazama vizuri akakunja uso: hazikulala kama zinavyolala zikipulizwa na hewa, tabaka juu ya tabaka. Zilikuwa zimebanwa. Pembeni palionekana mahali kidole gumba kilipokandamiza.

"Unasafisha kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

François aliinama kwenye chujio. Alisafisha, akaiwasha, ikafanya kazi. Siku hiyo kulikuwa na chai na viazi vitamu, na Bamayo Eneless alimsimulia jinsi yeye na Lackson walivyowahi kupigwa na dhoruba katikati ya ziwa wakitoka Kilwa na magunia ya chumvi, na chumvi yote ikayeyuka chini ya miguu yao. "Tulifika na magunia matupu na boti ya maji ya bahari," alisema, ingawa bahari hakuwahi kuiona. François alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alirudi kwake giza likiingia, na njiani akajikuta akimjibu kwa sauti, akimsimulia habari za Likasi ambazo hakuwa ameulizwa.

Alijua. Tangu alipoona alama ya kile kidole alijua, lakini kujua kule alikuweka pembeni, kama mtu anavyoweka pembeni barua ambayo hataki kuifungua. Na wiki iliyofuata, kila mwavuli uliopita mbele ya kibanda ulimfanya ainue kichwa.

Alikuja mara ya tatu mwishoni mwa Februari, asubuhi. Safari hii uso wake ulikuwa umebadilika. "Kuna harufu," alisema. "Njoo mbio."

Harufu aliisikia tangu getini. Chumba kile kidogo kilikuwa na ukungu mwembamba wa moshi. Alichomoa waya, akafungua dirisha, akaivuta mashine mbali na ukuta na kufungua bati la nyuma. Juu ya kasha la waya wa joto, nyuzinyuzi zilizorudishwa nyuma na hewa iliyokosa njia zilikuwa zimerundikana, na sehemu yake ilikuwa nyeusi, imeungua, bado ya moto. Cheche ilikuwa imelala humo. Mlinzi alikuwa amekata umeme, amefanya kazi yake. Lakini cheche ikishawaka haihitaji umeme. Kama upepo ungeingia kidogo. Kama ingekuwa saa ambayo mtu amelala upande wa pili wa ukuta.

François aliegemeza bati la nyuma ukutani. Akakaa sakafuni. Kisha akainuka, akatoka nje mpaka kwenye mdomo wa bomba, akaingiza vidole, akavuta. Kilitoka kitambaa cha jikoni chenye mistari ya kijani, kimekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, jinsi mwanamke nadhifu anavyokunja kitambaa kabla ya kukiweka kabatini.

Aliporudi ndani Bamayo Eneless alikuwa amesimama palepale, mikono imefungwa ndani ya chitenge. Alikiona kile kitambaa mkononi mwake. 

"Bamayo," François alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Hii haikuingia peke yake."

Bamayo Eneless alitazama chini.

"Ya kwanza niliona, nikanyamaza. Nilifurahi kukuja, njo maana nikanyamaza. Kosa yangu. Lakini ungekufa. Unasikia? Ungelala pale," akaonyesha ukuta, "na nyumba ingewaka, na bageni yako yote. Kama unataka mutu akuje kunywa chai, unamwita."

Alikuwa hajamaliza kusema akajua amekosea mahali fulani. Bamayo Eneless aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu.

"Unamwita," alirudia. "Wewe ni mwanaume, unasema tu: unamwita. Mi ni mujane. Ni mama wa kanisa. Nje pale kuna mama Mwaka na vitumbua vyake, anahesabu kila mutu anaingia hapa. Fundi akikuja, hakuna mutu anauliza. Mwanaume akikuja, batu bote banauliza." Akakichukua kile kitambaa mkononi mwake, bila hasira, kama mtu anayechukua kitu chake. "Asante kwa kazi. Tengeneza, kiisha uende."

Alitengeneza. Ilimchukua sehemu kubwa ya siku, kwa sababu hakutaka kuacha hata uzi mmoja ndani ya mashine ile. Alisafisha kasha la waya wa joto, akapima vidude vyote upya, akafunga wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba, wa kuzuia nyigu na vitambaa. Jikoni kulikuwa kimya. Hakuna chakula kilichotengwa. Malipo aliyakuta yamewekwa juu ya mashine, ndani ya bahasha, na aliondoka bila kumwona.

Mvua za Machi zilikuja na kupungua. Kibandani kwake François alitengeneza pasi. Mara nyingi alifanya kisingizio cha kupita barabara ya Kabuta, kwa upande wa pili, kofia imeshushwa, na kila alipopita aliona hewa nyeupe ikitoka vizuri kwenye mdomo wa bomba na kuyeyuka mbele ya ukuta wa samawati. Mashine ilikuwa nzima. Hakuwahi kutengeneza kitu vizuri namna ile maishani mwake, na hakuwahi kutamani namna ile kitu alichotengeneza kiharibike.

Mteja mmoja, mvuvi aliyeleta redio, alimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Lakini siku hiyo alifunga kibanda mapema, akakaa ufukoni kati ya nyavu zilizoanikwa, akawatazama watu wakishuka kutoka ng'ambo, mitumbwi imejaa vikapu na wazee na mbuzi. Wengine walizungumza Kiswahili cha kwao kabisa, cha Katanga, hata matusi yalikuwa yaleyale. Zamani angewakimbilia awaulize habari. Alikuwa ameshauliza wengi mno. Siku hiyo alikaa tu na kuwatazama wakipandishwa kwenye lori la kambi ya wakimbizi, mpaka lori likaondoka.

Jumapili moja mnamo Aprili, baada ya makanisa kutoka, jua likiwa kali na barabara imeanza kukauka, François alivaa shati lake la pekee lenye kola nzima na koti alilovuka nalo mpaka. Alitoka bila begi. Alipita mbele ya soko, mbele ya ofisi za baraza, katikati ya barabara ambapo kila mtu angeweza kumwona, na getini kwa Bamayo Eneless akamkuta Mwaka ameketi mbele ya karai lake la mafuta.

"Fundi!" Mwaka alisema. "Mashine imekufa tena?"

"Hapana, mama. Mashine iko muzima." Alinyoosha kola. "Nakuja kumusalimia Bamayo."

Mwaka alikiacha kijiko ndani ya mafuta. François akapita, akihisi macho yake mgongoni mpaka mlangoni. Akabisha hodi mlango wa mbele.

Bamayo Eneless alifungua akiwa bado na sare ya kina mama wa kanisa, nyeupe, na kitambaa kichwani. Alimtazama mikono, akitafuta begi.

"Mashine haina kitu," alisema.

"Najua."

"Sasa?"

"Nimekuja kuuliza habari yako."

Bamayo Eneless alitazama juu ya bega la François, kule getini. Mwaka hakuwa hata anajificha. Alikuwa amesimama kabisa, mkono umekinga jua. Bamayo Eneless alibaki amemtazama kwa kitambo, na François alijua kwamba wakati huo alikuwa akipima kitu kizito, na kwamba ilikuwa haki yake kufunga mlango.

"Ingia basi," alisema. "Usisimame pale kama polisi."

Haikuwa rahisi. Hilo François hakulitegemea. Pale jikoni, bila bati la kufungua, bila nyuzinyuzi za kusafisha, hawakuwa na la kusema. Bamayo Eneless aliweka chai. Alikaa. Waliulizana afya mara mbili. Nzi alizunguka bakuli la sukari na wote wawili wakamtazama nzi. François alifikiri kwamba labda alikuwa ameota tu, kwamba kilichokuwa kati yao kilikuwa ni mashine na si kitu kingine, na akaanza kutafuta neno la kuagia.

"Bibi yako yuko wapi?" Bamayo Eneless aliuliza ghafla. "Hukuniambia, na mi sikuuliza. Mutu wa umri yako lazima alikuwa na bibi."

Tangu avuke mpaka hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Anaitwa Ngalula," alisema. Jina lilitoka kwa taabu, kama mlango uliovimba na mvua. "Sisi wazazi yetu walitoka Kasai, lakini mi nilizaliwa Likasi, na bana yangu vilevile. Tisini na tatu batu bakasema Bakasai barudi kwabo. Kwetu ni wapi? Mi Kasai sikuwahi kuiona. Nikapandisha bibi na batoto mu treni. Nikasema, nabakia kulinda nyumba, nitafuata." Alizungusha kikombe juu ya meza. "Nyumba wakaichukua. Treni ingine sikupata. Nikakimbilia huku. Mutu moja aliniambia aliwaona mu stesheni ya Mwene-Ditu. Mwingine akaniambia mutoto mudogo alikufa mu njia. Hakusema ni nani."

"Batoto ni nani na nani?"

"Jean-Claude. Kiisha Jeanine. Kiisha Carlos, njo mudogo."

"Shani-Klodi," Bamayo Eneless alirudia polepole, kwa ulimi wake wa Kibemba. "Shanini. Kalosi." Aliyataja mara ya pili, kama mtu anayetaka kuyashika. Hakumwambia kwamba Mungu yupo, wala kwamba ipo siku. Alimwongezea chai, kikombe kikajaa mpaka ukingoni.

"Memory hajaandika tangu Krismasi ya mwaka juzi," alisema baadaye, akitazama dirisha. "Nikiulizwa kanisani nasema aliandika. Nasema anasalimia bote."

François alitaka kumpa neno. Alitafuta katika Kiswahili chao hicho cha kuazima, kati ya kile cha Kilwa sokoni na kile cha hoteli ya Likasi, na hakulipata. Akatikisa kichwa tu. Naye akatikisa kichwa. Walikunywa chai.

Honi ililia nje. Lilikuwa lori la samaki kutoka Mansa, lenye watu waliotaka vyumba. Bamayo Eneless aliinuka, akajinyoosha sare, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa. Mlangoni alisita.

"Weye kaa," alisema. "Chai ingali moto. Watanikawisha kidogo, lakini kaa."

Alitoka. François alimsikia huko nje akiwapokea wageni kwa Kibemba, sauti imepanda, kicheko kile cha ghafla kikitoka, na maneno yakienda kasi kiasi kwamba hakuyafuata. Mtu mmoja alimuuliza kitu, akajibu, na katika jibu lake François akasikia jina lake mwenyewe likitamkwa mbele ya watu, Ba Faranswa, kama Wabemba wanavyomtaja mtu wa heshima, bila neno fundi. Hakujua lililosemwa kabla yake wala baada yake. Aliweka viganja vyake kuzunguka kikombe, akakaa jikoni peke yake, akisikiliza milango ya lori ikifungwa mmoja baada ya mwingine.